Kari ya kijani ya Mbeya na ya Iringa hazifanani: nianzie wapi?

SWALI: Nina mgahawa wa chakula cha Kithai hapa Mbeya mjini, na mwaka huu nimefungua tawi Iringa. Baadaye natarajia kwenda Njombe. Wapishi wote wanafuata vipimo vilevile nilivyowaandikia, lakini kari ya kijani ya Iringa mara nyingi ni nyepesi, chumvi imezidi, na kuna siku haina harufu kabisa. Mpishi wa huko anasema ni baridi na mwinuko. Ni kweli? (Msomaji, Mbeya)

JIBU: Mwinuko tuuweke pembeni. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemkia nyuzi 94 hivi badala ya 100. Iringa iko chini kidogo tu, kwa hiyo tofauti kati ya matawi yako haifiki hata nyuzi moja. Mwinuko utachelewesha wali na tambi kuliko Bangkok, lakini hauongezi chumvi kwenye sufuria.

Kuhusu baridi, mpishi wako amegusa penyewe. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Juni na Julai stoo zenu zote mbili ziko chini ya hapo. Kopo la tui likilala usiku kucha, tui zito hupanda juu na kuganda, maji hubaki chini. Anayechota mwanzo anapata mafuta, anayefuata anapata maji. Huyu wa pili akionja anaona mchuzi umepooza, anamimina sosi ya samaki zaidi. Hapo ndipo unapopata kari nyepesi yenye chumvi nyingi. Loweka makopo kwenye maji ya uvuguvugu, yatikise vizuri, kisha pima tui kwa gramu kwenye mizani. Vikombe viondoke jikoni.

Angalia pia maandishi ya kwenye kopo. Kari ya Kithai huanza kwa kuchemsha tui zito mpaka likate mafuta, halafu viungo vilivyosagwa vikaangwe humo. Tui lililowekewa vitu vya kuzuia lisijitenge halikati kirahisi, na viungo vinaishia kuchemka bila kukaangika. Ama tafuta tui lisilo na vitu hivyo, ama ongeza kijiko cha mafuta ya nazi mwanzoni.

Sasa harufu, na hili ndilo ningelishughulikia kabla ya yote. Hukusema nani anasaga viungo, lakini dalili zinaonyesha kila tawi linasaga vyake. Acha mara moja. Khulinjani (mzizi unaofanana na tangawizi), mchaichai, mizizi ya giligilani, maganda ya ndimu ya Kithai, pilipili: hivi hubadilika nguvu kila mzigo, na mpishi akikosa khulinjani atatia tangawizi, ambayo ni ladha nyingine kabisa. Saga vyote jiko moja la Mbeya, chini ya mkono wa mpishi unayemwamini, onja kila mkupuo, fungasha kwa uzito wa sufuria moja, gandisha kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Vikiwa vimeganda vinasafiri salama kwa basi hadi Iringa ndani ya deli lenye barafu. Mrihani usiugandishe wala kuuweka kwenye friji kali, majani yanakuwa meusi. Usimamishe kwenye maji mezani, utiwe sufuria ikishuka.

Mchele wa Kyela unanukia vizuri na sioni ubaya kuutumia, mradi matawi yote yatumie mzigo mmoja. Mchele wa mavuno mapya hunywa maji kidogo kuliko uliokaa.

Sosi ya samaki nayo iwe ya aina moja kila tawi, kwani chumvi yake hutofautiana sana. Mpishi wa Iringa mlete Mbeya apike na mwenzake kwa wiki nzima, waonje pamoja kila sufuria. Njombe isubiri mpaka wewe mwenyewe ushindwe kutambua sahani ipi imetoka wapi.