T480 iliyotumika na paswadi ya BIOS: usikubali betri ya CMOS itolewe

Ndugu, kwa maelezo yako laptopu ya Lenovo ThinkPad T480 uliyonunua Luthuli Avenue, Nairobi, inawaka vizuri hadi Windows, ila ukibonyeza F1 kuingia BIOS (programu ya msingi ya mashine inayowaka kabla ya Windows) inaitisha paswadi, na fundi anataka atoe betri ya CMOS, ile ndogo ya saa iliyo kwenye bodi, aiache nje nusu saa. Mzuie. Dawa hiyo ilikuwa ya kompyuta za zamani, ambazo paswadi ilikaa kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri hiyo ndogo. Kwenye ThinkPad, paswadi ya msimamizi, yaani hiyo inayofunga BIOS, huandikwa kwenye chipu isiyohitaji umeme ili ikumbuke. Ukitoa betri, kinachofutika ni saa na tarehe, si paswadi hii. Balaa linaanzia hapo: mashine inaweza kuwaka na hitilafu 0271, ikadai uingie BIOS urekebishe tarehe, na BIOS ndiyo iliyofungwa. Laptopu iliyokuwa ikifanya kazi inakwama kabla ya Windows.

Shukuru kwamba ni paswadi ya msimamizi pekee. Kuna ile inayoitishwa kila unapowasha, na kuna ya diski, ambayo hukaa ndani ya diski yenyewe na kuifuata hata ukiihamishia mashine nyingine.

Kabla ya bisibisi yoyote, rudi dukani. Laptopu nyingi za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza, zilikuwa za kampuni, na mara nyingi idara ya kompyuta iliweka paswadi ileile kwenye mashine zote. Anayeleta mzigo anaweza kuiulizia alikonunua. Hapohapo dai risiti yenye nambari ya siriali iliyo chini ya mashine. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha umelipa nani na kiasi gani, hausemi umenunua laptopu ipi. Muuzaji akikataa kuandika siriali, rudisha mashine udai pesa zako, kwa sababu kushika mali ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi ni kosa la jinai, hata kama ulilipa bei ya soko. Lenovo wenyewe hawana njia ya kufuta paswadi hii: msimamo wao ni kubadilisha bodi, kwa malipo, na uthibitisho wa ununuzi mkononi. Wenye Dell wana nafuu kwa mashine kadhaa za nyuma, maana kampuni ilikuwa ikitoa paswadi kuu kwa mmiliki aliyethibitishwa.

Ukiwa bado na nafasi ya kurudisha, hifadhi faili zako, weka Windows upya na uunganishe Wi-Fi wakati wa usanidi. Likitokea jina la kampuni likikutaka uingie kwa akaunti ya kazi, mashine bado imesajiliwa Autopilot, huduma ya Microsoft ambayo kampuni hutumia kusanidi na kusimamia laptopu zao. Usajili huo uko kwenye seva za Microsoft na umefungamana na vifaa vya mashine. Kufuta diski hakuuondoi, ni kampuni iliyosajili ndiyo inayoutoa. Hiyo irudishe tu.

Usipoona jina lolote, jiulize kama unaihitaji BIOS kweli. Jaribu F12 uone kama flashi inakubali kuwaka. Ikikataa, toa diski, weka mfumo ukitumia kompyuta nyingine, kisha irudishe. Linaloweza kukuuma ni kile kilichozimwa ndani. Kama TPM (chipu ya usalama) imezimwa, Windows 11 haitakubali njia ya kawaida, na Windows 10 ilimaliza msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Andika tpm.msc kwenye Windows uone. Angalia pia kwenye Task Manager kama virtualization, uwezo wa kuendesha kompyuta pepe ndani ya mashine, imewashwa. Vyote viwili vikiwa sawa, mimi ningeiacha jinsi ilivyo.

Kama risiti unayo na TPM imezimwa, inabaki kuiandika upya chipu ya BIOS ili paswadi iondoke. Hii ni kazi ya fundi mwenye hadubini na mkono uliozoea, na unapaswa kujua anachofanya. Achomoe chaja, betri ya nje, ya ndani na ya CMOS. Asome maandishi juu ya chipu ya miguu minane kabla ya kuunganisha chochote: nyingi ni za volti 3.3, lakini kama W25Q128FW ni za volti 1.8 na zinahitaji adapta. Zile CH341A nyeusi za bei rahisi, vifaa vya kusomea na kuandikia chipu, hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data hata chipu ikipewa 3.3, kwa hiyo muulize kama yake imerekebishwa.

Klipu ya kubana chipu ikiwa bado kwenye bodi inarahisisha kazi, ila umeme wake huingia pia kwenye sehemu nyingine za bodi na usomaji unaweza kutoka na makosa. Asome yaliyomo kwenye chipu mara mbili, kila mara kwenye faili yake, kisha alinganishe faili hizo. Zikitofautiana hata baiti moja, asiandike kitu. Asafishe miguu, abane klipu upya, na ikishindikana aing'oe chipu kwa hewa moto.

Asikubandikie faili ya T480 nyingine aliyopakua mtandaoni. Ndani ya faili yako kuna siriali, UUID (nambari ya kipekee ya mashine) na data ya Intel ME (programu ndogo ya Intel inayoendeshwa ndani ya bodi) ya bodi hiyo. Laptopu inayojizima kila baada ya dakika 30 kufuatia kazi kama hii, mara nyingi eneo la ME limeharibiwa. Kinachobadilishwa ni nakala ya faili yako, ile ya mwanzo inabaki salama bila kuguswa, na uiweke kwenye flashi yako kabla hajaandika chochote. Akikataa kukupa, chukua mashine uondoke.