Kotisoli iko chini, mbona bado nashtuka?

SWALI: Shikamoo daktari. Miezi minane iliyopita basi tulilopanda lilipinduka. Tangu siku hiyo honi ikilia tu naruka, na usiku naota vioo vikivunjika. Nimepima kotisoli, ile homoni ya msongo, ikaonekana chini kidogo ya kiwango. Lakini nimesoma kwamba msongo huipandisha. Je, basi sina PTSD, ule ugonjwa wa mshtuko unaobaki baada ya tukio la kutisha? Na nikinywa vidonge vya kuipandisha?

JIBU: Marahaba, na pole sana. Kipimo hicho hakithibitishi PTSD, wala hakiikanushi.

Basi lilipoinama, adrenalini, homoni ya hatari, ilimwagika ndani ya sekunde: moyo mbio, mdomo mkavu. Ndani ya ubongo, ndugu yake noradrenalini ikakichapa kila kitu kwenye kumbukumbu, ndiyo maana vile vioo bado unavisikia. Kotisoli hutoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, nayo huja nyuma, dakika kadhaa baadaye. Watu huiita homoni ya msongo kana kwamba kazi yake ni kuwasha moto tu. Kumbe pia ndiyo inayorudi kwenye ubongo kusema: inatosha, zimeni.

Mwaka 1986 mtafiti John Mason na wenzake, Marekani, walipima mkojo wa wanajeshi wastaafu wa vita vya Vietnam. Wenye PTSD walikuwa na kotisoli ndogo kuliko wagonjwa wenye sonona kali. Baadaye mtafiti mwingine, Rachel Yehuda, akawapa watu deksamethasoni nusu miligramu usiku, dawa inayouambia mwili upunguze kotisoli. Asubuhi, ya wenye PTSD ilikuwa imeshuka zaidi kuliko ya wengine. Yaani breki yao ni nyepesi mno: kotisoli kidogo tu, ubongo unafunga bomba, huku noradrenalini ikibaki inachemka. Hiyo ndiyo inayokurusha honi ikilia. Si kwa kila mgonjwa, lakini. Tafiti nyingine zimekuta kotisoli ya kawaida kabisa.

Ndiyo maana PTSD tunaitambua kwa mazungumzo, kwa dalili zilizozidi mwezi mmoja, si kwa damu. Tena kotisoli hubadilika kutwa nzima: saa mbili asubuhi iko juu, usiku wa manane iko chini. Hukuniambia ulitolewa damu saa ngapi.

Vidonge usinywe. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni jambo ambalo hukuliuliza. Je, unapaka mafuta ya kung'arisha uso, ya dukani au mkorogo? Mengi yana klobetasoli, dawa kali inayofanya kazi kama kotisoli, ambayo hupenya ngozini na kuzilaza tezi zako. Prednisoloni, dawa ya jamii hiyohiyo, ikitumiwa muda mrefu, kwa mfano kwa pumu, hufanya hivyohivyo. Na kwetu huku kifua kikuu nacho huweza kuzila tezi zenyewe. Ukiona unakonda, unapata kizunguzungu ukisimama, au mistari ya viganja inakuwa myeusi, wahi hospitali. Na kama unapaka, usiache ghafla kabla hujaonana na daktari.

Kwa hiyo mishtuko, omba tiba ya mazungumzo inayolihusu tukio lenyewe. Sertralini, dawa ya sonona, nayo huwasaidia wengi. Diazepamu, dawa ya kutuliza, ya kuazimwa kwa jirani, hapana. Unaweza kuizoea, na PTSD yenyewe haiitibu.

Siku ya kwenda kliniki beba majibu ya maabara, na lile kopo la mafuta pia.