Nasogeza stopu losi: shida ni mfumo au kichwa changu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Mwanza, natredi fedha za kigeni. Kwenye demo, yaani akaunti ya mazoezi isiyo na hela za kweli, nilipata faida miezi minne mfululizo. Nikaweka dola 400 za kweli. Wiki iliyopita nilinunua yuro dhidi ya dola, loti 0.10 (ukubwa wa tredi). Stopu losi, yaani agizo la kufunga tredi yenyewe hasara ikifika nilipopanga, niliiweka pipsi 25 (hatua ndogo za bei) chini. Bei ilipoikaribia nikaisogeza, kisha nikaisogeza tena. Nimekuja kufunga hasara imefika dola 140. Mfumo wangu ni mbovu, au ni kichwa?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mfumo hatuwezi kuuhukumu, maana hukuufuata. Na ile miezi minne isikudanganye. Hela ya demo haina kodi ya nyumba ndani yake.

Ulichofanya kina historia. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha kwamba kupoteza kunauma kuliko raha ya kupata kiasi hichohicho, na kwamba mtu akiwa kwenye hasara huwa tayari kubahatisha zaidi ili asiikubali. Mtafiti wa mambo ya fedha Terrance Odean naye, mwaka 1998, alichunguza akaunti 10,000 za wawekezaji wa Marekani akawakuta wanauza upesi hisa zenye faida na kung'ang'ania zenye hasara. Hauko peke yako.

Ila kosa lako la kwanza halikuwa kusogeza. Kwa loti 0.10 kila pipsi ni dola 1, kwa hiyo ulipoingia tu ulishahatarisha dola 25, zaidi ya asilimia 6 ya mtaji. Kwa mzigo huo hata mimi mkono ungenitetemeka. Sasa umebaki na dola 260, na kurudi 400 kunataka faida ya karibu asilimia 54. Ukiitafuta wiki hii utachoma akaunti.

Shuka hadi loti 0.01. Pipsi 25 zitakuwa dola 2.50, chini ya asilimia 1 ya ulichonacho. Utaniambia hiyo ni hela ya chipsi kuku. Ndiyo, hasara iwe ya kiasi hicho, usiamke saa nane usiku kuchungulia simu.

Halafu nunua daftari. Kabla ya kuingia andika bei ya kuingilia, stopu losi na sababu. Ukishafunga, andika neno moja: nilitii, au sikutii. Faida na hasara usiziandike humo kabisa. Hasara uliyotii ni kazi nzuri. Kinachonitisha ni siku utakayosogeza stopu losi, bei igeuke, utoke na faida. Siku hiyo soko litakuwa limekulipa kwa kosa, na utalirudia ukiwa na loti kubwa zaidi. Ikitokea, andika "sikutii" kwa wino mwekundu, kisha pumzika siku mbili.

Ukifikisha tredi hamsini, niandikie umetii ngapi. Salio usinitajie.