Kiuno kinauma kila nikitoka majini: je, kosa ni la hanesi?

SWALI: Habari za kazi kocha. Mi niko mwaka wa pili kwenye kaiti (ule mchezo wa kuteleza majini kwa bodi ukivutwa na tiara kubwa), miaka 38, kilo 84, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti mchana kutwa. Natumia hanesi ya kiunoni (ule mkanda mpana wenye ndoano mbele ya kupachikia kaiti), ile laini, niliuziwa na mtu ikiwa imeshatumika. Saa moja ya kwanza majini hamna shida, baadae inaanza kupanda mpaka inanibana mbavu, nasimama nairudisha chini, inapanda tena. Nikitoka kiuno kimekaza, kesho yake kuvaa soksi tu ni shughuli. Jamaa mmoja ananiambia ninunue ile ngumu ya kaboni, mwingine anasema nirudi kwenye ya kukalia kama ya wanafunzi. Nishike lipi? Maana bei ya hizi kaboni si mchezo na sitaki kununua mara mbili.

JIBU: Kaka, jibu umeshaliandika mwenyewe, lipo pale uliposema inapanda, unairudisha, inapanda tena. Watu wanabishana laini au ngumu, kaboni au kitambaa, mi nakwambia hanesi inayohama mwilini ndo inayoumiza watu viuno, iwe ya bei gani.

Ona inavyokuwa. Ndoano ikiwa kwenye kitovu au chini yake kidogo, kaiti inakuvuta karibu na pale uzito wa mwili ulipo, nyonga zinashika, miguu inasukuma bodi, kiuno kinakuwa kama abiria tu. Ikishapanda vidole vinne juu, mvuto unahamia kifuani, kifua kinataka kwenda mbele na wewe unakizuia kwa kujipinda nyuma, yaani kazi iliyokuwa ya miguu na nyonga inaangukia misuli ya kiuno na zile pingili 5 za chini za uti wa mgongo, na juu yake zile mbavu mbili za mwisho ambazo kwa mbele hazijashikana na kitu nazo zinabanwa. Kaa hivyo saa mbili kwenye maji ya viwimbi afu uniambie soksi zitavalika vipi.

Sasa inapanda kwa nini? Kabla hujatoa hela, ivae hiyo hiyo uliyonayo, ikaze mpaka mwisho halafu tazama mbele pale kwenye chuma chenye ndoano. Ukishakaza inatakiwa bado pabaki nafasi kidogo ya kuvuta mikanda zaidi. Kama ncha za hanesi zimeshagusa chuma na mkanda hauna pa kwenda basi hata uvute kwa meno haitakaza, ama hanesi ni kubwa kwako ama chuma ni kirefu mno. Vyuma hivi vinatengenezwa kwa urefu tofauti, kubadilisha chuma ni kitu kidogo kuliko kubadilisha hanesi nzima, na nimeshaona watu wawili watatu wakipona kwa chuma kifupi tu. Kumbuka pia kwamba hanesi ikilowa inalegea, kwa hiyo ile unayoona imekaza sawasawa ukiwa mkavu, dakika 10 majini ishakuwa legelege, kaza tena ukishaingia. Wengi hawafanyi hivi, wanakaza mara moja nchi kavu wanajisahau.

Halafu hiyo yako ni ya mtumba. Sponji ya ndani ikishachoka haiwezi tena kushika umbo la kiuno. Ishike kwa mikono miwili uikunje pale katikati ya mgongo, ikikunjika kirahisi kama gazeti la jana, iache iende, imeshamaliza kazi yake kwa huyo aliyekuuzia.

Ukienda kununua, pima kiuno kwa tepu pale kwenye kitovu, sio kwa namba ya suruali, suruali inakaa chini zaidi na inakudanganya. Kama unavaa wetsuti (nguo ya mpira ya majini) nene pima ukiwa umeivaa, na ukijikuta katikati ya saizi mbili mi ningechukua ndogo.

Haya, tuje kwenye ubishi wa jamaa zako. Hanesi laini kaiti ikivuta kwa nguvu inajikunja kukuzunguka, ni kama mtu anakukumbatia kwa hasira, ndo maana mbavu zinauma. Ngumu ina gamba nyuma, la kaboni au faiba, halijikunji, linausambaza mvuto kwenye eneo pana la mgongo na ubavuni panabaki huru. Kwa mtu anayekaa majini muda mrefu hiyo ni raha kweli, siwezi kukataa. Lakini gamba lina umbo lake na mgongo wako una umbo lake! Mi mwenyewe niliwahi kununua ya kaboni kwa kuipenda rangi tu na sifa zake, sikuijaribu, kumbe mimi kiuno changu kimeingia ndani sana na lile gamba lilikuwa karibu bapa, kwa hiyo lilinigusa juu na chini tu, katikati ungeweza kupitisha kiganja. Wiki tatu nilikuwa natembea kama mzee wa miaka 90. Niliiuza kwa hasara na aliyeinunua, mgongo wake umenyooka kama ubao, mpaka leo ananishukuru. Laini ikikosea umbo inakusamehe kidogo, ngumu haisamehi, ndo tofauti yenyewe hiyo.

Ya kukalia nayo isidharauliwe kwamba ni ya wanafunzi. Ina mikanda ya mapajani, haipandi hata kaiti ikae juu ya kichwa muda wote, na mvuto unachukuliwa na makalio na mapaja, mbavu hazihusiki kabisa. Mtu mwenye kitambi, au mwenye nyonga nyembamba ambayo hanesi ya kiunoni haina pa kushikia, atapata amani humo. Tatizo ni kwamba ndoano inakaa chini, kwa hiyo mwili unazoea kukaa badala ya kusimama, unamuona mtu anaenda makalio nyuma kama anatafuta kigoda gizani, na kwenye mkao huo kiuno kinajikunja mbele. Kuna ambao maumivu yao ni ya kujikunja mbele na wanazidi kuumia humo, na kuna ambao maumivu yao ni ya kujipinda nyuma na wanapona siku hiyo hiyo. Wewe ukiwa nyumbani inama taratibu mbele, kisha jipinde nyuma, uone ni upande gani unaouma zaidi, hapo utapata fununu. Pia kuna njia ya kati, hanesi ya kiunoni unayoweza kuiongezea mikanda ya mapajani, na zile zilizoshonwa pamoja na kaptula. Kwa hali yako mi ningeanzia hapo kabla ya kaboni.

Na chochote utakachochagua, NING'INIA. Nasema tena, ning'inia. Funga kamba kwenye boriti au nguzo imara, ipitishe kwenye ndoano, uegemee nyuma kama uko majini, ukae dakika 10 mpaka 15, sio sekunde 10 unasema iko poa. Geuza kifua upande, inua mikono, chuchumaa kidogo. Unatafuta mgandamizo ulioenea sawa mgongoni mwote, ukihisi sehemu moja inakuchoma kama kidole, hicho kidole baada ya saa mbili za upepo kitakuwa kisu. Muuzaji akinuna mwache anune, sio yeye atakayevaa.

Jambo lingine la kuangalia ni ndoano yenyewe. Ya kawaida imesimama sehemu moja, na kaiti wakati unaenda haikuvuti kwa mbele tu, inakuvuta kwa upande wa unakoelekea, kwa hiyo hanesi inataka kuzunguka kiunoni na wewe unajisokota kuifuata. Kujisokota pamoja na kuinama ndo mkao ambao kiuno hakiupendi hata kidogo. Kuna vyuma vyenye kamba badala ya ndoano ya kudumu, kiungo kinateleza kulia na kushoto kufuata mvuto, hanesi inabaki palepale. Kwa mtu wa mawimbi au wa foili (bodi yenye bawa chini linaloiinua juu ya maji) ni nzuri sana. Kama ni mtu wa kujitoa kwenye ndoano akipiga mitindo, itamsumbua kwa sababu kurudi kujipachika ni kazi. Na ile kamba inalika, ikague kila mara, ikianza kutoa nyuzi badilisha, usisubiri ikatike katikati ya maji.

Sasa nikuulize kitu ambacho hujakiandika, unapampu vipi kaiti yako, yaani unaijaza vipi hewa? Maana nimeona watu wakilaumu hanesi miaka nenda rudi kumbe kiuno kinavunjika nchi kavu. Mtu katoka ofisini, katoka kukaa saa nane, misuli ya mbele ya nyonga imefupika, hajanyoosha hata mguu, anafika anainama mgongo duara anapiga pampu mara mia kwa kutumia kiuno, afu anaruka majini. Panua miguu, kunja magoti, mgongo ubaki umenyooka, mikono inyooke na uusukume mpini kwa uzito wa mwili, ukichoka pumzika, upepo haukimbii. Kabla ya hapo tembea tembea dakika tano.

Ukiwa majini sukuma nyonga mbele na juu kuelekea ba ya mkononi (fimbo ya kuongozea kaiti), mabega yaende nyuma, mwili uwe mstari mmoja kuanzia kisigino mpaka bega. Anayeinama kiunoni huku makalio yamebaki nyuma mara nyingi ana kaiti kubwa kuliko upepo, anapigana nayo, na hapo hakuna hanesi itakayomsaidia. Vuta kamba ya kupunguza nguvu, au toka uchukue ndogo, watu wanaona aibu sijui kwa nini. Kwa wiki unazokosa upepo fanya planki na mazoezi ya kunyoosha nyuma ya mapaja na mbele ya nyonga, dakika chache kila siku zinashinda saa nzima ya Jumapili.

Ila nikuwekee mpaka. Ikiwa maumivu yanashuka mguuni chini ya goti, mguu unakosa nguvu, au yameanza baada ya kuanguka vibaya, kamuone daktari kabla ya kununua chochote. Na ukipata ganzi sehemu za siri, au mkojo au choo vikakataa kutoka au vikakutoka bila kujua, hiyo ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, usilale nayo.

SWALI: Kocha shikamoo. Mimi ni dada mfupi, kiwiliwili changu ni kifupi zaidi ya miguu. Hanesi zote nilizoazima zinanigusa mbavu hata kabla sijaingia majini, na nikivaa vesti ya kinga ndo kabisa. Ni mimi nina shida au ni hanesi?

JIBU: Marahaba dada. Huna shida yoyote, unaazima za watu warefu tu. Angalia kimo cha mgongo wa hanesi, sio mzunguko wa kiuno peke yake. Zipo zenye mgongo mrefu zinazoshika mpaka karibu na mbavu, na zipo fupi zinazoishia kiunoni, wewe wako ni huo mfupi. Za kike nyingi zimekatwa tofauti, kiuno kimeingia na chini zimepanuka kufuata nyonga, na hapo ndo inapopata pa kushikia isipande, japo kuna wanawake wanaokaa vizuri kwenye za kiume na wanaume kwenye za kike, wala usione haya kujaribu. Kuhusu vesti, ile ndefu inaingia chini ya hanesi, inateleza, na inaisukuma juu. Tafuta ya kaiti ambayo imekatwa fupi na kuishia juu ya hanesi, hanesi ikae yenyewe mwilini. Halafu ukishavaa vyote hakikisha kile kifungo cha kujitoa kwenye kaiti unakiona na mkono unakifikia bila kutafuta, jaribu ukiwa umefumba macho.

SWALI: Nina hanesi ya windsafu (ile bodi yenye tanga) imekaa tu ndani, nzima kabisa. Siwezi kuitumia kwenye kaiti nikaokoa hela?

JIBU: Hapana. Kwenye windsafu mvuto hauendi juu namna hii, kwa hiyo haikutengenezwa kuzuia kupanda, na nyingi hazina pete ya kufungia kamba ya usalama ya kaiti. Iuze, uongezee ununue ya kaiti.