Barua kwa Mwalimu: Majina Yasiyosomwa Kwenye Habari za Shule

Tumsifu Yesu Kristu. Na ninyi wenye salamu nyingine, habari za kwenu.

Barua za mwezi huu zimenikuta nikitoka tambarare kupanda mahindi, nazisoma jioni miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto. Kwa msomaji mgeni: nilifundisha darasa la tatu kwa miaka 22 katika shule ya msingi ya parokia, huku miteremko ya Kilimanjaro. Somo wetu, yaani mtakatifu msimamizi wa shule, alikuwa Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, ambaye sikukuu yake huangukia Mei Mosi. Siku hiyo nchi nzima iko mapumzikoni, lakini watoto wetu walikuja na sare zao zimepigwa pasi. Nimestaafu, ila kengele ya shule bado naisikia kutoka kihambani, shamba letu la nyumbani, na mwili wangu bado unaitikia.

*

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Kiswahili katika shule ya msingi ya jimbo, na mwaka huu nimekabidhiwa jarida la shule, kurasa nane kila muhula. Toleo la kwanza lilikuwa na picha za mgeni rasmi, risala, paroko akibariki bweni, na wanafunzi kumi bora. Mzazi mmoja akaniambia, "Nimelimaliza lote dakika tano." Nifanyeje lisomwe? – Mwalimu wa Kiswahili, Mbeya

Marahaba, mwanangu. Mzazi huyo amekusaidia kuliko wote waliokupongeza. Alitafuta shule ya mwanawe kwenye kurasa zile nane akakuta sherehe.

Kesho fika shuleni saa kumi na moja alfajiri, kabla ya mwalimu wa zamu. Utamkuta mtu anawasha moto. Pale kwetu alikuwa mama mmoja mpishi, mwembamba, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Mahindi na maharage ya makande aliyaloweka tangu jana yake jioni, na uji ulikuwa tayari saa nne kamili, mvua inyeshe au kuni ziwe mbichi. Mama huyu aliwajua watoto kuliko rejista yangu. Jumatatu moja alinifuata darasani akanong'ona kwamba kuna kijana wangu anayerudi kuchota uji mara tatu, na huwa ni Jumatatu tu. Mimi nilikuwa naye tangu Januari na sikuwa nimeona. Kumbe Ijumaa jioni akitoka shuleni, chakula cha uhakika anakiona tena Jumatatu. Mpishi alisema na mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo ya Kikristo ya mtaani kwao, na Ijumaa iliyofuata unga ulifika mlangoni mwa bibi yake bila matarumbeta. Hiyo ndiyo ilikuwa habari kubwa ya shule mwaka ule, na haikuandikwa popote.

Je, ingeandikwaje? Kitendo ukiseme, mtoto umfiche. Andika kwamba jiko letu linajua nani ana njaa, na kwamba jumuiya zinapokea taarifa kutoka jikoni. Usiandike darasa, usiandike mtaa, na picha ya mtoto akiwa na kikombe usiipige. Tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, picha na taarifa za mtoto si mali ya shule ya kutumia itakavyo. Mzazi aulizwe kwanza, na akikataa, asitakiwe kujieleza. Hata kama sheria hiyo isingekuwapo, mtoto hukua, na siku moja atalisoma jarida lako akiwa na watoto wake.

Sasa wape kazi darasa la sita. Waende na daftari kwa mtunza stoo waulize: maharage kilo ngapi kwa siku, kilo bei gani sokoni wiki hii, gunia linaisha lini. Hapo umepata ukurasa ambao kila mzazi atausoma hadi mwisho, kwa sababu ndani yake ameiona ada yake ikipikwa. Waende kwa yule fundi baiskeli wa njia panda aliyesoma hapohapo na ambaye hukaza madawati yenu kila likizo. Habari za waliohitimu zisiwe za mapadre na madaktari peke yao.

Na waende kwa wazee, hili nakusihi. Nilikuwa darasa la nne Serikali ilipozitaifisha shule za misheni, baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Mimi niliyaona mabadiliko kwa macho ya mtoto: kibao cha zamani kikashushwa, kikapanda kipya. Kengele ilibaki ileile, rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mti wa mringaringa, na kanisa likabaki hatua hamsini kutoka darasani. Baba yangu alisimama akakitazama kibao kipya kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mawe ni yaleyale." Yeye na wenzake ndio walioyabeba kutoka mtoni, mama zetu wakibeba mchanga kwa ndoo. Sikumuuliza wenzake walikuwa akina nani. Amekwisha kufa, na majina yale ameondoka nayo. Wanafunzi wako bado wana mabibi na mababu wa kuwauliza. Watume wiki hii.

Picha ya mgeni rasmi iweke. Moja inatosha.

*

Mwalimu, mimi nauza mboga sokoni Majengo. Nina watoto wawili kwenye shule ya masista, na ada nalipa kwa mafungu. Shule inaandaa sikukuu ya somo, kila mzazi shilingi 30,000. Kwenye kundi la WhatsApp kila jioni inarushwa orodha ya majina yote, waliotoa wana alama ya vema. Juzi binti yangu wa darasa la pili alishika simu yangu akauliza, "Mama, mbona sisi hatujawekewa vema?" Sikulala. Nikope? – Mama wa wawili, Dodoma

Usikope, mama. Sikukuu ya somo ni ya kumshukuru Mungu, na deni la sikukuu litakukuta sokoni wakati wenzako wameshasahau hata nyimbo zilizoimbwa.

Naandika hili kwa uchungu, maana orodha ya namna hiyo niliwahi kuiandika kwa mkono wangu. Nilikuwa mhazini wa kamati ya mahafali. Nikaandika majina kwa kalamu nene, nikabandika kwenye mlango wa ofisi, na kila aliyetoa nikamwekea alama nyekundu. Niliona nafanya kazi kwa uwazi. Baba mmoja aliacha kuja vikaoni. Mwanawe, aliyekuwa akikimbilia dawati la mbele, akaanza kukaa nyuma. Nilipokwenda kwao kuuliza kulikoni, yule baba alinikaribisha kiti, akamwita mkewe alete maziwa, na nilipoaga akanikatia mkungu wa ndizi nipeleke jikoni shuleni. Kuhusu orodha hakusema neno. Nilishuka mlima na ule mkungu begani huku nalia, na asubuhi niliibandua karatasi kabla kengele haijalia. Mtoto alirudi dawati la mbele, lakini hakurudi siku ileile. Ilimchukua karibu muhula mzima.

Watoto wako bila shaka wamo katika Utoto Mtakatifu, shirika la watoto wa Kikatoliki, wanavaa skafu na kuimba Jumapili. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1843 na askofu wa Nancy, Ufaransa, Charles de Forbin-Janson. Aliwaomba watoto kitu gani? Salamu Maria moja kwa siku na senti moja kwa mwezi. Alichagua kiasi ambacho mtoto wa maskini angekiweka bila kumwomba mtu. Kamati yoyote ya shule ya Kanisa ikikaa kupanga mchango, ianzie hapo, kwa mzazi mwenye kidogo kuliko wote, halafu ipande.

Fanya hivi. Nenda mwenyewe kwa Sista mkuu wa shule, asubuhi kabla ya paredi, usipitie kundini. Mwambie ukweli kama ulivyoniambia mimi, na taja unachokiweza: mafungu ya mchicha kwa siku ya sikukuu, nyanya, au elfu tano Jumamosi hii na nyingine mwezi ujao. Kisha mwombe jambo moja kwa ajili ya wengine walio kimya kama wewe: kundini itangazwe jumla ya fedha tu, na majina yakae kwenye kitabu cha mhazini. Nimeona masista wengi, mama. Mara nyingi hawajui kinachorushwa kundini saa tatu usiku.

Binti yako mwambie, "Sisi tunapeleka mchicha." Siku hiyo aubebe yeye mpaka jikoni.

*

Assalamu alaykum, Mwalimu. Mwanangu wa miaka kumi anasoma shule ya Kikatoliki, sisi ni Waislamu. Shule naipenda, walimu wanafundisha. Mwaka huu Ramadhani na Kwaresima zimekuja pamoja, akawa anataka kufunga, na wenzake wanakunywa uji mbele yake. Pia anaimba vizuri, mwalimu wa kwaya anamtaka kwa Misa ya Pasaka. Na jarida la shule limeandika "watoto wetu wote Wakristo." Sitaki ugomvi, wala sitaki mwanangu apotee. – Baba, Tanga

Wa alaykum salaam, baba. Nianze na lile la jarida. Hilo ni kosa, lisahihishwe toleo lijalo. Mwanao anaposoma kuhusu shule yake na hajioni, ameambiwa kwamba ni mgeni pale, na si mgeni.

Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, ulitangaza tamko kuhusu malezi ya Kikristo. Siku hiyohiyo, katika kikao hichohicho, ukatangaza tamko jingine kuhusu dini zisizo za Kikristo, ambalo linasema Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima. Kila mwalimu wa shule ya Kanisa anapaswa kuyasoma yote mawili pamoja. Sheria za Kanisa zenyewe, kanuni ya 748, zinakataza mtu kulazimishwa kuipokea imani Katoliki kinyume cha dhamiri yake. Na Ibara ya 19 ya Katiba yetu, ya uhuru wa dini, unaijua. Kwa hiyo ukienda kuzungumza na mkuu wa shule, huendi kuomba fadhili.

Kwaya: wewe ni baba, neno ni lako. Mimi nisingemtaka aimbe nyimbo za Misa, kwa sababu nyimbo zile ni sala, na sala haiazimwi. Lakini kuna mahafali, kuna siku ya wazazi, kuna Wimbo wa Taifa paredini. Mwambie mwalimu wa kwaya ampe nafasi ya mbele huko. Sauti nzuri isinyamazishwe.

Na kufunga. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu, inayofungua Kwaresima, ilikuwa Februari 18, na mwezi wa Ramadhani ukaandama wiki hiyohiyo. Mtoto wa miaka kumi hajafaradhishiwa kwenu mpaka abalehe. Kwetu pia bado: kujinyima nyama ni kuanzia miaka kumi na minne, na mfungo wenyewe kuanzia kumi na minane. Hata hivyo watoto wanataka. Darasani kwangu kulikuwa na binti wa Kiislamu aliyejaribu kufunga siku tatu tatu, na rafiki yake, Mkatoliki, akaamua kuacha uji pamoja naye kwa ajili ya Kwaresima. Wakakaa wote wawili kwenye ngazi, wamekunja mikono, wamejawa na fahari. Nikawapa ufunguo wa kabati la vitabu wakae maktaba saa ya uji, wapange vitabu kwa ukubwa. Siku ya tatu yule Mkatoliki alizidiwa akaenda jikoni, na mwenzake akamsindikiza mpaka mlangoni akamsubiri nje. Mwombe mwalimu wa darasa ampe mwanao kazi ya namna hiyo saa ya uji. Na akizidiwa, ale, wala asichekwe.

*

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita. Nimechaguliwa kusoma habari za shule yetu kwenye matangazo, Misa ya watoto Jumapili. Mwalimu amenipa karatasi, ina mambo matatu: mtihani wa kujipima, ada, na ujenzi wa uzio. Lakini babu mlinzi wetu ameacha kazi Ijumaa, amezeeka, na hakuna mtu aliyesema kitu. Alikuwa anatufungulia geti tukichelewa. Naweza kuongeza? – Kiranja, Same

Marahaba, mjukuu wangu. Ongeza, lakini kwanza mwonyeshe mwalimu wako karatasi. Ninavyowajua walimu, atakubali na ataona aibu kidogo, umsamehe.

Kisha nenda kwa babu mwenyewe kabla ya Jumapili. Muulize jina lake lote, mpaka la ukoo, na uliandike kama anavyolitamka. Huenda hapo shuleni hakuna anayelijua zaidi ya "Babu." Muulize amelinda geti miaka mingapi na alifika vipi. Muulize pia kama anapenda atajwe, maana wapo wasiopenda. Akikubali, mwambie akae benchi za mbele upande wa watoto, na mwende wawili kumchukua nyumbani kama miguu inamsumbua.

Anza naye, halafu ndiyo uje mtihani, ada na uzio. Ukifika kwenye jina lake soma polepole, kisha nyamaza kidogo ili apate muda wa kusimama.