Difenda ikipaki nje ya OPD: kwa wadogo zangu mnaoanza kazi

Siku ya kwanza utakayoona difenda ya polisi imepaki mlangoni pa OPD, yaani sehemu ya wagonjwa wa nje, maafande wawili wanashuka na mtu kafungwa pingu na foleni yote inageuka kuangalia, usiwe kama mimi. Mimi niliogopa, nikawapitisha mbele ya watu wote, nikamwangalia yule jamaa dakika tatu nikaandika panado na diklofenaki, wakaondoka, nikajiona nimemaliza kazi vizuri kabisa. Sasa ni mwaka wa 11 niko kwenye hii kazi ya uafisa tabibu huku Arusha, kabla ya hapo nilikuwa Moshi kidogo, na naandika haya kwa sababu naona intani na wageni wa zamu ya usiku wanarudia yale yale.

Cha kwanza, usimuulize kafanya nini. Najua roho inataka kujua, hata mimi inataka. Ila ukishasikia "huyu kabaka" au "huyu kaiba pikipiki ya watu" mkono wako unabadilika wenyewe, unabonyeza tumbo kwa nguvu, ganzi unasahau kuichoma. Muite baba, kaka, dada, mama, kama unavyomuita mgonjwa mwingine. Katiba yenyewe ibara ya 13 inasema mtu hahesabiwi kuwa na hatia mpaka ithibitike, na hapo hapo inakataza mtu kuteswa au kupewa adhabu za kinyama na za kumdhalilisha. Wakubwa wa hapa Arusha mnakumbuka ile mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda iliyofungwa mwisho wa 2015, watuhumiwa wake walikuwa wanashikiliwa kule Kisongo, na hao wote walikuwa na huduma ya daktari. Sasa kama mtuhumiwa wa mauaji ya kimbari alitibiwa, huyu wa kuku wawili wa jirani kakosa nini?

Haya, chumba. Afande atataka kuingia na wewe mpaka kitandani, usigombane naye, hana ubaya, akitoroka mtu ni yeye anayewekwa ndani. Mimi nina kaujanja kangu, naweka stetoskopu masikioni nasema "afande naomba unisubirie hapo mlangoni, unamwona vizuri, ila nataka nisikilize kifua, kelele kidogo tu nakosa." Anatoka. Anaona lakini hasikii, ndo tunachotaka, maana mgonjwa hawezi kukwambia kapigwa na nani wakati aliyempiga kasimama nyuma yake. Hata kama hakupigwa na mtu, hawezi kukwambia anameza ARV, dawa za VVU, mbele ya watu. Omba pingu ifunguliwe au angalau ihamie mbele, na mama mjamzito usimpime kabisa akiwa kafungwa. Kabla hujaanza toa mkasi na sindano kwenye meza, afu wewe ukae upande wa mlango. Sio kwamba ni wabaya, ni kwamba mtu mwenye hofu hujui atafanya nini.

Lugha pia. Huku kwetu utaletewa mzee wa Kimasai toka Monduli au Longido ambaye Kiswahili chake ni cha salamu tu, usimfanye afande kuwa mkalimani hata kama anajua Kimaa. Tafuta nesi, mlinzi, mama wa usafi, yeyote asiye na kesi ile, ila mwambie kwanza anayoyasikia yabaki humo chumbani.

Sasa nije kwenye kuumia kichwa, na hapa naomba msome taratibu maana ndipo nilipoharibu mimi. Mwaka wangu wa kwanza waliniletea kijana aliyeokolewa na polisi kwa wananchi wenye hasira, ananuka gongo mpaka nje ya mlango, anaongea maneno hayaeleweki, afande anasema "huyu kalewa tu dokta, tuandikie turudi naye akalale." Nikaandika kalewa. Walikuwa wameshafika getini nesi mmoja mama mtu mzima akawaita warudi, akaniambia kwa upole kabisa, "mwanangu hebu mmulike macho." Mboni moja ilikuwa kubwa kuliko mwenzake. Tukampa rufaa usiku ule ule, damu ilikuwa inavujia ndani ya fuvu, alipona ila mkono wa kulia haukurudi kama zamani. Mpaka leo nikisikia harufu ya gongo namuona yule mama na ile tochi ya simu yake.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii, harufu ya pombe haielezi chochote mpaka umeshapima sukari, umeshamulika mboni zote mbili, umeshapapasa kichwa chote chini ya nywele kwa vidole na umeshahesabu alama za ufahamu (anavyofungua macho, anavyoongea, anavyosogeza viungo) ukaziandika na saa. Mtu anaweza kuwa kalewa NA kichwa kimepasuka kwa pamoja. Anaweza kuwa hajalewa kabisa, sukari imeshuka tu. Na mtu aliyepigwa kichwani anaweza kuongea vizuri saa mbili tatu afu ndo akazima, ndo maana ukiwaruhusu warudi kituoni lazima umwambie afande wa kaunta wamuamshe usiku, wamuite jina, akitapika mara mbili au asipoamka wampakie hapo hapo, hakuna kusubiri asubuhi.

Na lile neno "anajifanya", ogopeni sana hilo neno jamani. Steve Biko, mwanaharakati wa kupinga ubaguzi wa rangi, alikamatwa Afrika Kusini mwezi wa nane 1977, akaumia ubongo akiwa mikononi mwa polisi kule Port Elizabeth, madaktari wawili wakaitwa kumuona, Ivor Lang na Benjamin Tucker. Lang akaandika cheti kwamba haoni tatizo. Polisi wakasema anajifanya. Wakampakia nyuma ya Land Rover akiwa uchi, akasafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Pretoria, akafa tarehe 12 mwezi wa tisa. Tucker alikuja kufutwa kwenye orodha ya madaktari mwaka 1985, miaka 8 baadaye. Hao madaktari hawakumpiga mtu hata kofi. Waliandika tu walichoambiwa waandike.

Kingine ambacho nakiona sana huku ni watu wa Ijumaa. Sheria inataka mtu apelekwe mahakamani ndani ya saa 24 lakini ukikamatwa Ijumaa jioni wote tunajua utalala selo mpaka Jumatatu. Sasa chukua mzee ambaye anakunywa mbege na gongo kila siku ya Mungu miaka 20, mkate pombe ghafla. Jumamosi anatetemeka anatoka jasho, usiku huo au Jumapili anaweza kuanguka kifafa ambacho hajawahi kuwa nacho, na kuanzia Jumapili kwenda Jumatatu anaona wadudu ukutani anaongea na watu hawapo, mapigo ya moyo yanakimbia na joto liko juu. Wanakuletea wanasema kachizika au karogwa. Huyo hajachizika, huyo ni arosto ya pombe na inaua. Apewe dayazepamu, vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi, na abaki wodini, usimrudishe selo na vidonge kwenye bahasha. Kwa hiyo swali la Ijumaa ni "unakunywa kiasi gani kwa siku na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi?", muulize kila mtu, uliza bila kumhukumu utapata jibu la kweli.

Dawa za kila siku ndo zinasahaulika kuliko zote. Mtu akiingia selo anavua mkanda, viatu, simu, na dawa zinabaki kaunta kwenye mfuko. Muulize presha, sukari, kifafa, pumu, TB, na kadi ya CTC (kliniki ya wanaotumia ARV), kila mmoja, na pumu hasa Juni na Julai maana ile sakafu ya sementi kwa baridi ya Arusha sio mchezo. Mwenye TB akikatiza dozi anaumia yeye na wote waliolala naye chumba kimoja, na anayekohoa wiki 2 au zaidi usimpe dawa ya kikohozi tu ukafunga faili, chukua makohozi. Mwenye kisukari anayechoma insulini muulize kwanza chakula anakipata saa ngapi na nani anakileta, kwa sababu ukimchoma afu chakula kisije mpaka saa nane umemuua mwenyewe kwa mkono wako. Na ukiandika dawa chagua ya mara moja au mbili kwa siku, hakuna afande atakayekumbuka ya kila baada ya saa 6. Andika kwa Kiswahili, herufi kubwa, "KIDONGE KIMOJA ASUBUHI, KIMOJA JIONI", mweleze mgonjwa na afande wote wawili, omba waandike kwenye kitabu chao pale kaunta na zamu inayoingia iambiwe.

Hela ya dawa? Hapo sina jibu tamu. Mara nyingi ndugu wanalipa, saa zingine ndugu hata hawajui yuko wapi. Jua mapema ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali yako na nani yuko zamu, msamaha unaanzia kwao. Usianze kuchangisha mfukoni kila siku, nimefanya hivyo, unaishia kuchoka na kuanza kuwachukia wagonjwa.

Aliyepigwa. Mwangalie mwili mzima sio pale anapolalamikia tu, nyayo za miguu, mapaja kwa nyuma, makalio, mbavu, viganja. Aliyepigwa sana kwenye misuli ya mapaja anaweza kutembea vizuri leo afu kesho figo zimegoma, kwa hiyo muombe mkojo, ukitoka kama chai ya rangi au kokakola usimrudishe, huyo ni dripu nyingi, vipimo vya figo na rufaa. Akisema ganzi kwenye kidole gumba upande wa mgongo wa mkono ni pingu ilibana sana, iandike. Mwanamke apimwe na mwanamke au awepo nesi wa kike, na kama kaingiliwa kwa nguvu, awe kafanyiwa kabla ya kukamatwa au baada, saa zinahesabika, dawa za kuzuia VVU ni ndani ya saa 72 na ukizianza mapema ndo vizuri.

Na damu inayotoka haisubiri PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Tibu kwanza, fomu itakuja. Nimeona mtu anabishana na afande kuhusu muhuri wakati mgonjwa anadondosha kwenye sakafu, aibu kubwa.

Sasa kalamu. PF3 na faili andika ulichokiona kwa macho yako, na kile ulichoambiwa andika umeambiwa na nani. "Afande anasema alianguka kwenye gari. Mgonjwa anasema alipigwa na rungu." Zote mbili ziandike, wewe sio hakimu. Jeraha liandikie sehemu, urefu na upana kwa sentimita, rangi, umbo, chora mtu utie alama, hata mchoro mbaya unasaidia. Mistari miwili ya wekundu iliyoenda sambamba na katikati pamebaki peupe ni fimbo au kitu kirefu cha mviringo, andika hivyo hivyo ilivyo. Usijidai kujua michubuko ina siku ngapi kwa rangi tu. Usiandike mwizi, andika mgonjwa. Saa aliyofika na saa uliyomuona, zote.

Watakuomba pia uandike kwamba yuko fiti kuhojiwa. Mimi siandiki hilo. Naandika hali yake kwa saa hiyo, dawa aliyopewa, na dalili ambazo zikitokea arudishwe haraka, basi. Afande akinibana sana namwambia "afande, ngoja nimuite mfawidhi", yaani mganga mkuu wa hapo kazini, na nikisema hivyo huwa wanachukua karatasi wanaondoka. Akikataa kupimwa mgonjwa mwenyewe hiyo ni haki yake pia, mweleze faida na madhara, andika kakataa.

Na kama kaletwa ameshafariki, usijaribu kuandika sababu ya kifo ili kuwarahisishia. Andika kaletwa akiwa hana uhai, saa ngapi, kaletwa na nani, umeona nini mwilini, mjulishe mkubwa wako, mengine ni ya uchunguzi wa maiti na korona, yule ofisa wa kuchunguza vifo vyenye utata, sio ugonjwa.

Mwisho wa yote utaitwa mahakamani, jiandae kisaikolojia. Mshtakiwa ana haki ya kutaka aliyejaza ile fomu aje aulizwe maswali, kwa hiyo samansi inaweza kukukuta umeshahamia mkoa mwingine. Yangu ya kwanza ilikuja baada ya miaka 3, sura ya mgonjwa siikumbuki kabisa, wakili akaniuliza kwa dharau, "dokta, ulijuaje kwamba ni wananchi ndio waliompiga?" Nikamwambia sikujua, soma hapo, nimeandika afande anasema. Akageuza karatasi, akanyamaza kidogo, akakaa. Nendeni na kitambulisho cha kazi, shati lililopigwa pasi na chupa ya maji, maana utaambiwa saa tatu asubuhi na kupanda kizimbani saa nane mchana ukiwa na njaa.