Kwa mnaoanza kununua mbao za paini: uliza aina, ila angalia umri zaidi

Wadogo zangu mnaoingia kwenye mbao, ukifika Mafinga ukaambiwa hii ni paini usiishie hapo, uliza paini gani na mti ulikuwa na miaka mingapi. Nyingi ya huko, kuanzia Sao Hill mpaka mashamba ya watu Mufindi na Njombe, ni patula, asili yake Mexico, inapenda baridi ya milimani na shambani unaijua tu, majani yananing'inia chini kama nywele. Mbao yake nyepesi, haisumbui randa, kwa kenchi (fremu ya paa) na papi (mbao za kupigilia bati) inafaa kabisa ILA iwe imekomaa. Elioti ni nzito zaidi, ina utomvu mwingi na ndo inayogemwa. Karibea ni ya maeneo ya chini yenye joto, kwahiyo kama shamba lako liko huko usihangaike na patula. Radiata achana nayo, ilishapandwa sana Kenya na kwetu, ukungu wa majani ukaimaliza miaka ya 60.

Sasa hilo la umri ndo linaloumiza watu wengi. Siku hizi mti wa miaka 8 unaingia dingdong (zile mashine ndogo za kupasulia mbao), wakati mti wa mbao nzuri unatakiwa ufike kwenye 18 hadi 25. Shika ubao wa mbili kwa nne, tazama kichwa chake pale ilipokatwa: ukiona pete za ukuaji chache pana pana na kiini cha mti kiko katikati ya ubao, hiyo itajipinda juu ya nyumba kabla hata hujapiga bati. Ya mti mkubwa pete zimebanana na kiini hukioni. Halafu angalia mafundo, patula matawi yake yanatoka kwa kuzunguka mti sehemu moja, kama haukupogolewa basi mafundo nayo yanakusanyika sehemu moja kwenye ubao na ndo utakapovunjikia, msimruhusu fundi auweke huo kwenye kenchi.

Na dawa jamani. Paini haina ubavu kwa mchwa, na rangi ya kijani isikudanganye, omba wakate ubao mmoja katikati uone kama dawa imezama au wamepaka juu juu tu. Ikiwa mbichi ipange kivulini na fito katikati ya kila safu ipigwe na hewa. Fundi akishakata vipimo vyake, zile ncha mpya zipakwe dawa tena, hasa zinazolala ukutani.